Kwa Nini Gololi ya Shoot the Moon Inakataa Kupanda

Wateja wengi wanaoleta mchezo wa Shoot the Moon, mchezo wa mezani wa kupandisha gololi juu ya fito mbili, katika karakana yetu hapa Marekani hutuambia kwamba umeharibika kwa sababu gololi haipandi tena. Mara nyingi mchezo wenyewe ni mzima, na kasoro iko kwenye gololi, kwenye fito au kwenye meza tu. Ndiyo maana tunaomba kila mteja aelewe unavyofanya kazi kabla hajalipia matengenezo au, jambo linalotuuma zaidi, kabla hajautupa.

Mchezo huu ulienea Marekani katikati ya karne ya 20, na kampuni ya Drueke ya Grand Rapids, Michigan, mji uliosifika kwa mafundi wake wa samani, ni miongoni mwa waliouunda kwa mbao nzuri. Juu ya ubao hulala fito mbili za chuma ambazo ncha zake za mbali zimeshikizwa pamoja, huku mchezaji akizishika ncha za karibu, ambazo zimeinuka kidogo. Gololi ya chuma huanzia kule chini, na mchezaji huifungulia fito ili ije upande wake, kisha huiachia idondoke katika kishimo kilicho karibu naye kadiri awezavyo kuifikisha. Baadhi ya matoleo yana majina ya sayari kwenye vishimo hivyo.

Gololi huonekana kupanda ilhali kitovu chake kinashuka. Chukua gololi yenye kipenyo cha milimita 26, na kwa wepesi wa hesabu tuzichukulie fito kuwa nyembamba mno. Nafasi kati ya fito ikiwa milimita 10, kitovu cha gololi huwa milimita 12 juu ya fito. Nafasi ikifika milimita 24, kitovu huzama hadi milimita 5. Kimeshuka milimita 7, na iwapo kati ya sehemu hizo mbili fito zimeinuka chini ya kiasi hicho, gololi haina budi kuja kwako. William Leybourn wa Uingereza aliieleza kanuni hiyo tangu mwaka 1694, kwa kutumia maumbo mawili ya pia (koni) yaliyounganishwa vitako na kuwekwa juu ya reli zinazopanuka.

Kwa hiyo jambo la kwanza tunalopima ni gololi. Ya asili ikipotea, watu huweka yoyote waliyo nayo, na gololi ya milimita 20 ikiwekwa kwenye mchezo uliopangiwa ya 26 itatumbukia mapema, kabla haijapata mwendo wa kuifikisha mbali. Baada ya hapo weka pima maji juu ya ubao, kwa kuwa mwinuko unaofanya kazi hapa ni wa milimita chache, na mguu mmoja wa mpira uliodondoka, au meza iliyoinamia upande wa mbali, unatosha kuyaharibu yote. Fito nazo zichomoe na uziviringishe juu ya kioo. Iliyopinda itaonekana ikirukaruka.

Kutu ni tatizo la kawaida, na hapo ndipo tunapoona madhara mengi ya mikono yenye haraka. Tafadhali usisugue fito kwa msasa wala stilwaya ya jikoni, kwani mikwaruzo huondoa ule ulaini ambao gololi inauhitaji, na mng'aro wa kromu ukishabanduka haurudi bila kupakwa upya. Usizipake mafuta pia, maana hunasa vumbi na kuifanya gololi iteleze badala ya kuviringika. Kitambaa kikavu na laini kinatosha kwa madoa mepesi. Penye vishimo vya kutu, tuachie sisi.

Karakana yetu hunyoosha fito, hutafuta gololi ya kipimo sahihi na kubandika upya miguu ya mpira. Hatupaki vanishi mpya juu ya maandishi ya zamani, hata mteja akiomba, kwa sababu maandishi hayo yakifutika mchezo hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Unapotutumia mzigo, tafadhali weka fito zote mbili pamoja na gololi unayoitumia, hata kama unaamini si yake, na uifunge gololi peke yake katika kitambaa ili isiugonge ubao njiani.