Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama chetu cha Wakulima wa Zabibu, Dodoma

Ndugu wanachama,

Hesabu zilizokaguliwa atazisoma meneja. Mimi nitasema lile lililotugombanisha Agosti: nani mwenye kauli juu ya zabibu zetu.

Mnakumbuka ilivyokuwa. Mavuno ya kiangazi yameiva, kipima sukari kimeshasema, mnunuzi kafika na kreti zake hadi shambani. Siku hiyohiyo ikaja barua ya chama kikuu, yaani muungano wa vyama vya msingi kama hiki chetu: chama cha msingi kisifunge mkataba, bei watapanga wao. Tukaenda halmashauri. Ofisa mmoja akasema mzigo hautoki bila kibali chake. Mwenzake wa chumba cha pili akasema kibali si kazi yao, kazi yao ni ushuru, tena ushuru wenyewe hulipwa na mnunuzi. Kila mlango una muhuri wake. Zabibu haisomi barua. Siku ya sita nyuki walikuwa wameshaingia, vishada vimepasuka, mnunuzi kahamia kijiji jirani. Zilizobaki tuliwauzia wakamuaji wa mchuzi, yaani juisi ya zabibu ya kutengenezea mvinyo, kwa bei waliyotaka wao.

Baada ya hapo wengi mlinifuata nyumbani mkitaka tujitoe chama kikuu. Nikaifungua Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya 2013, nikafungua na masharti yetu, kitabu ambacho, nakiri, sikuwa nimekigusa tangu mnichague. Mkutano mkuu ndio wenye mamlaka ya juu katika chama. Nikafurahi. Furaha haikufika jioni, maana katika jalada la mihtasari nilikuta azimio la mauzo ya pamoja lilipitishwa na mkutano mkuu wa chama kikuu. Wajumbe wetu wawili walikuwepo na walinyoosha mikono. Mmoja wao ni mimi. Chama kikuu hakikutunyang'anya kitu. Tulikikabidhi sisi wawili, ninyi hamkuulizwa. Lawama hiyo ni yangu.

Wazee waliokuwepo 1976 wanajua upande wa pili. Mwaka ule serikali ilivunja vyama vikuu, kazi ikapewa vijiji, na njia ya kuvirudisha ikapatikana kwa sheria ya 1982. Mzee mmoja aliniambia: zamani tulilia hakipo, leo mnalia kipo. Sikuwa na la kumjibu. Dawa za ukungu tunazonunua kupitia chama kikuu zinafika kwa wakati, hilo tusilifiche. Ugomvi wetu ni wa mauzo tu.

Miche imegawiwa. Ambaye jina lake liliruka amwone karani.

Novemba, mbele ya Mrajisi Msaidizi wa Vyama vya Ushirika, tulikubaliana na chama kikuu kwamba kitasubiri muhtasari wa mkutano huu kabla ya kuzungumza na mnunuzi yeyote kwa niaba yetu. Basi agenda ya nne ni hii: mavuno ya Februari watuuzie wao, au tuuze wenyewe? Kura ni ya siri. Wajumbe mtakaowachagua watakwenda na uamuzi wenu kwa maandishi. Mimi sigombei ujumbe huo.

Karatasi za kura ziko kwa karani.