Barua kwa mdogo wangu wa Chongoleani, kuhusu Kwoyelo

Mdogo wangu,

Salaam sana. Huku Ngamiani hatujambo, na mama anauliza kama huko kambini mnalishwa vizuri. Hilo utamjibu mwenyewe. Mimi nakuandikia kwa lile neno ulilotuletea siku ya Idi kutoka kwa Waganda mnaojenga nao bomba la mafuta: kwamba mahakama ya makosa ya vita ya kwao ni ya serikali tu, inavua dagaa na kuwaacha papa. Nakujibu hadharani kwa sababu wanaosema hivyo ni wengi.

Nusu nakubali. Thomas Kwoyelo, yule mahakama hiyo iliyemhukumu, hakuwa papa. Waasi wa LRA, kundi la Joseph Kony lililopigana na serikali kaskazini mwa Uganda, walimchukua mwaka 1987 akiwa njiani kwenda shule, mtoto wa miaka kama 12, akakulia porini hadi akawa kamanda. Jeshi la Uganda lilimkamata Kongo mwaka 2009, amejeruhiwa. Mwaka mmoja kabla, Mahakama Kuu ya Uganda ilikuwa imepata divisheni maalumu ya makosa ya vita, mfano wa hii yetu ya rushwa na uhujumu uchumi. Ilitokana na mazungumzo ya amani ya Juba kati ya serikali na LRA, yale ambayo Kony mwenyewe alikataa kuyatia saini ya mwisho.

Kesi ikafunguliwa Gulu, mji wa kaskazini, Julai 2011. Septemba tu, Mahakama ya Katiba ikaisimamisha: Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000 imeshawasamehe waasi zaidi ya 20,000, wamo na waliomzidi cheo, kwa nini huyu abaguliwe? Swali zito hilo, usilipuuze. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikasema msamaha haukukusudiwa kufunika ukatili dhidi ya raia wasio na hatia. Muda wote huo mtu yuko mahabusu. Sisi tuliozoea kusikia "upelelezi haujakamilika" hatuna la kuwacheka Waganda.

Hukumu ikaja Agosti 2024. Alikutwa na hatia kwenye mashtaka 44, ya mauaji, ubakaji, utumwa, utesaji na uporaji. Matatu akaachiwa, mengine 31 yakatupwa. Oktoba akapewa miaka 40. Majaji hawakumnyonga, kwani walizingatia kuwa alitekwa akiwa mdogo na hakuwa kwenye uongozi wa juu kabisa. Ile miaka 15 ya mahabusu ikakatwa humo, ikabaki 25.

Linganisha na Dominic Ongwen, kamanda mwingine wa LRA, naye aliyetekwa akiwa mtoto. Alijisalimisha Januari 2015, akapelekwa The Hague, Uholanzi, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na Mei 2021 alishahukumiwa, miaka 25. Utaniambia basi ya Wazungu ni bora. Kwa mwendo, ndiyo. Kwa heshima ya mshtakiwa pia, maana kumweka mtu ndani miaka 15 bila hukumu ni aibu, hata awe nani.

Lakini tazama fidia, ndipo ninapoachana nawe. The Hague ilisema kila mwathirika wa Ongwen apewe euro 750. Ongwen hana kitu, kwa hiyo fedha zinategemea mfuko wa mahakama na wafadhili watakaoguswa. Desemba 2024 majaji wa Uganda nao walikuta Kwoyelo hana kitu, wakageukia serikali yao wenyewe: ilipe yenyewe, hadi shilingi milioni 10 za Uganda kwa mwathirika, kwa kuwa ilishindwa kuwalinda raia wake.

Hilo lina uzito wake. Ni serikali hiyohiyo iliyowahamisha watu wa kaskazini na kuwaingiza makambini, ikisema ni kwa usalama wao. Wakati vita vimepamba moto walifika karibu milioni 1.8. Kisha LRA wakawafuata humohumo. Sasa jaji anayelipwa mshahara na serikali anaandika kwenye hukumu kwamba mwajiri wake alishindwa kazi na alipe. Mahakama ya mbali isingeweza kuiandikia Kampala deni namna hiyo kwenye kesi ya mtu mmoja. Ndiyo maana hilo neno la "ya serikali tu" silikubali.

Pa kuibana mahakama ile ni kwenye askari. Watu wa kaskazini wanalilalamikia jeshi pia, na hakuna hata askari mmoja wa serikali aliyepandishwa kizimbani kwenye divisheni hiyo kwa yaliyotokea huko. Wenzako wakilianzisha tena, waambie waanzie hapo. Kwoyelo wamwache, yeye ameshahukumiwa.

Dada yako,
Ngamiani, Tanga