Kugawa kiwanja kuidhinishwe hukohuko halmashauri

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mtu wa Busokelo au Chunya akitaka kugawa kiwanja chake awape wanae, mpima anamaliza kazi freshi tu, ila ramani ya upimaji lazima ipande mpaka mkoani Mbeya mjini ikaidhinishwe, na hapo ndo mambo yanalala, nauli inaisha, watu wanachoka wanaandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa basi, kesho keshokutwa ndugu wanaburuzana baraza la ardhi, inauma sana. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 imeshaitambua halmashauri kama mamlaka ya upangaji, sasa sahihi ya mwisho kwa viwanja vidogo inashindikana nini kubaki palepale? Na waongezewe wapima jamani, halmashauri nyingine wana uhaba kwelikweli.