Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Naanza na aibu yetu, kwa sababu imetufundisha kuliko semina zote za mwaka huu. Dodoso tulilolipeleka bonde la Mto Msimbazi, jijini Dar es Salaam, kupima nani ataumia zaidi mafuriko yakija, lilikuwa na swali: "Je, kaya hii inamiliki gari?" Mama mmoja anayekaanga mihogo karibu na Jangwani alimtazama mdadisi, akamwambia, "Mwanangu, hata ningekuwa nalo, kwa maji yale lingepita wapi?" Mdadisi akaandika "Hapana", akaenda swali linalofuata. Mdadisi huyo nilikuwa mimi.

Swali lile tulilitoa kwenye fahirisi ya udhaifu wa kijamii ya CDC, taasisi ya afya ya umma ya Marekani. Fahirisi hiyo ni kipimo kinachopanga maeneo kwa alama, kuonyesha wapi watu wataumia zaidi janga likija, kwa vigezo 16: umaskini, bima ya afya, umri, ulemavu, lugha, aina ya nyumba, usafiri na vinginevyo. Kwao gari lina maana. Kimbunga Katrina kilipoipiga New Orleans mwaka 2005, wengi walioshindwa kuondoka hawakuwa na gari. Joto la Chicago la Julai 1995 liliua watu zaidi ya 700, wengi wao wazee waliokuwa wakiishi peke yao. Maswali yao yana wafu wao nyuma yake. Sisi tuliyatafsiri, tukawasahau wa kwetu: wa mafuriko ya Dar es Salaam ya Desemba 2011, wa kipindupindu kilicholipuka jijini Agosti 2015, na zaidi ya 80 waliofukiwa na tope Katesh, mkoani Manyara, Desemba 2023.

Kwa hiyo dodoso jipya linauliza mengine. Choo kiko upande gani maji yakipanda? Nani humbeba bibi asiyetembea, na mchana mtu huyo yuko wapi? Umepanga au umejenga? Mtaji wako, yaani mkaa, unga na friji ya barafu, unalala chini au juu? Kadi ya kliniki na dawa za kila siku unaziweka wapi? Hili la mwisho lilipendekezwa na wauguzi wetu. Wamechoka kuwapokea wagonjwa wa kifua kikuu ambao dawa zao zimekwenda na maji.

Tulibishana pia juu ya jina. "Udhaifu wa kijamii" limekataliwa, maana huwezi kumwita dhaifu mtu aliyejenga nyumba ileile mara tatu. Tumekubaliana "wepesi wa kudhurika". Na tafadhali, alama ya fahirisi ni nafasi kwenye foleni: mtaa wenye 0.9 umeizidi asilimia 90 ya mitaa iliyolinganishwa nao, haina maana kwamba asilimia 90 ya watu wake wako hatarini. Kosa hilo nimelikuta kwenye wasilisho la mwanachama wetu. Simtaji, anajijua.

Fahirisi inakuonyesha mtaa, haikuonyeshi mlango. Milango anayo mjumbe wa mtaa. Mmoja alitufungulia daftari lake: wajawazito, wazee, kijana wa kiti cha magurudumu, wote kwa nyumba. Nilifurahi mpaka nilipouliza kuhusu wapangaji wa vyumba vya uani, vilivyo chini kabisa karibu na mto. "Hao wanahama kila kukicha, siwaandiki." Sensa ya 2022 nayo iliwahesabu walipolala usiku mmoja tu. Ndiyo maana kamati imeamua kutumia vyote pamoja: takwimu za sensa, daftari la mjumbe, na ramani za mifereji na nyumba ambazo wanafunzi na wakazi walianza kuzichora mwaka 2015 chini ya mradi wa Ramani Huria. Majina ya wagonjwa yatabaki mtaani. Sisi tutachukua idadi tu, na hapo sitaki mjadala.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi naongeza tu kwamba ada hailipwi kwa ahadi.

Dodoso linajaribiwa upya kabla masika hayajaanza. Wanaokwenda wajiandikishe kwa katibu leo, na buti za mvua kila mtu aje na zake.