Shangazi ananisubiri Mbezi Jumamosi, naombeni ushauri

Shkamooni wakubwa, wenzangu mambo vipi. Mie ni binti wa miaka 20, naishi Makorora hapa Tanga na mama yangu na wadogo zangu wawili. Jina langu nisamehewe, shangazi yangu ana simu kubwa na kila kinachotembea mtandaoni kinamfikia. Naandika usiku huu mama kalala, mbele yangu kuna ndoo ya bluu mpya ambayo ameiandika jina langu kwa rangi ya kucha nyekundu, herufi kubwaa, afu chini ya jina akaandika CHANIKA. Hiyo Chanika ndo iliyonileta hapa.

Mwaka huu nimemaliza form six, CBG (kemia, baiolojia na jiografia), nikapata division one ya pointi 9, ile ya kuning'inia kabisa, ingeongezeka moja tu ningekua two. Kuomba chuo wala hakukua na shughuli, shughuli ilikua mkopo. Waliopitia wanajua, cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wale wa vizazi na vifo, cheti cha kifo cha baba nacho kihakikiwe RITA, fomu isainiwe serikali ya mtaa, mwanasheria agonge muhuri wake, afu ndo mkapakie kwenye mfumo. Tulishinda steshenari moja Ngamiani mie na mama kutwa nzima, neti inakata inarudi, mama kaikumbatia bahasha kifuani hataki hata yule kijana wa kompyuta aiguse bila yeye kuona. Nikachaguliwa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ualimu wa sayansi, kemia na baiolojia. Awamu ya kwanza ya mkopo jina halikuwepo, mama siku mbili chakula hakipiti. Awamu ya pili likatoka. Sijapewa kamili, ila limetoka, alhamdulillah.

Sasa shangazi.

Baba alifariki nikiwa form two. Shangazi ndo dada yake wa pekee, anakaa Dar, Chanika, na tangu siku ile ya msiba yeye ndo aliyesimama. Najua mtu atasema form five na six si bure siku hizi, ni kweli ada ilifutwa 2022, ila anayesema bure hajawahi kumpeleka mtoto bweni. Godoro, tranka, ndoo, jembe, fagio, rimu za karatasi, nauli ya kwenda na kurudi shuleni Moshi kila likizo, vyote hivyo ni shangazi. Mama anauza mihogo ya nazi na chai asubuhi, ile inatosha kula na kodi basi. Hata hii simu naandikia ilikua ya shangazi, kioo kimepasuka kona moja lakini kamera nzima.

Kwaiyo msije mkanijibu "achana nae mchawi huyo", sitaki. Mie nampenda.

Ila nilishakaa kwake. Likizo ya December nikiwa form five nilienda wiki tatu, nikabeba na kitabu cha kemia nikijua nakwenda kutulia. Wahenga wanasema mgeni siku ya tatu mpe jembe, mie jembe nilikabidhiwa siku ile ile niliyoshuka kwenye gari. Dada wa kazi alikua ameondoka. Shangazi anauza maandazi na supu barazani kwake, ina maana saa 10 usiku mko macho, mmoja anakanda mmoja anawasha mkaa, saa 12 wateja wa kwanza wanaowahi mjini wamefika, wakiisha hao unaosha vyombo, unafua za watoto, mchana unakwenda sokoni, jioni unakanda unga wa kesho. Usiku nalala sebuleni na watoto watatu, tivii haizimwi mpaka shemeji yake aliyehamia pale amalize mpira. Kile kitabu nilikifungua mara moja tu, ukurasa wa mole concept, nikarudi nacho Moshi kikiwa pale pale, tofauti ni doa la mafuta limepita mpaka ukurasa wa nne nyuma yake.

Na bado kwenye wiki hizo hizo niliugua malaria, shangazi hakulala. Alikaa na beseni na kitambaa mpaka adhuhuri na maandazi siku hiyo hayakuuzwa. Ndo maana nasema sio mtu mbaya, ni mtu ambaye kwake mtoto wa nyumbani anafanya kazi za nyumbani, na yeye mwenyewe anafanya kuliko wote. Hajawahi kusoma akiwa na mtihani kesho, hilo halioni.

Basi majina ya chuo yalipotoka akapiga simu, mama akaweka sauti ya nje tusikie wote. Shangazi akapiga vigelegele, akalia, akamtaja baba, sote tukalia. Alafu akasema, "Mwanangu, habari za mahosteli sitaki kusikia, huko ni kuharibiana tu, nyumba ya baba yako ipo huku Chanika. Na bumu likiingia tutasaidiana umeme." Bumu ndo hela ya mkopo ya kujikimu. Mama akawa anaitikia "ndio wifi, haswa wifi, Mungu akuzidishie wifi." Mie nimekaa kwenye mkeka natazama vidole vya miguu.

Simu ilipokatika nikajaribu kumwambia mama kua Chanika ni mbali. Akaniambia, "Baba yako hayupo. Shangazi ndo baba. Usinivunjie heshima kwa wifi yangu." Mazungumzo yakaishia hapo, akaenda kukuna nazi.

Nyie mlioko Dar mnapajua. Chanika iko mbele ya Pugu, ukifika Gongo la Mboto unaona kama umefika mjini kumbe bado sana, afu mie natakiwa nikatokee Mlimani upande mwingine kabisa wa jiji. Gari mbili kwenda, gari mbili kurudi, na foleni. Nimepiga hesabu zangu, nauli haipungui elfu 3 kwa siku. Bumu ukipewa kamili ni elfu 10 kwa siku, mie sijapewa kamili, na kila aliyetangulia ananiambia mwaka wa kwanza usilitegemee wiki za mwanzo maana huchelewa. Toa nauli, toa umeme wa shangazi, toa madesa, zile notisi za kutoa kopi, sjui ntakula nini. Alafu kozi yenyewe ina maabara za mchana, dada mmoja wa hapa mtaani aliyesoma kozi kama hii ananiambia kuna siku anatoka maabara saa 12 jioni na bado wana kazi ya kundi kwenye vimbweta, yale mabenchi ya nje ya kusomea, mpaka usiku. Mie saa hizo ndo nigombanie gari ya Chanika? Nifike saa 4, nikande unga, niamke saa 10? Kudisko, yani kufukuzwa chuo kwa kufeli, ni neno ambalo hapa nyumbani hawalijui, nawaza tu siku nikirudi Makorora nianze kumuelezea mama maana yake.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote.

Mama yuko kwenye mchezo wa kupeana hela na wamama wa mtaani. Zamu yake ilikua mwezi wa kwanza, akamuomba jirani wabadilishane ili apate mapema kwa ajili yangu. Akapokea laki 3. Akanipa yote, akaniambia kanunue mashuka, blanketi, begi la heshima, viatu vya kufunga, lipia vipimo vya ile fomu ya afya pale hospitali ya Bombo, picha za paspoti, na bima, ile ya wanafunzi 50,400 kwa mwaka. Mie kabla ya hapo nilikua nimeshaomba hosteli kwenye mfumo wa chuo, kimya kimya, nikasema nikikosa basi Mungu kaamua niende Chanika. Nikapata. Mabibo. Ikaja kontro namba na siku za kulipa, zikipita chumba anapewa mwingine, na kila mtu anasema nafasi hazitoshi, ukiipoteza utaishia kubebana na mtu kitanda kimoja au kupanga gheto Msewe kwa kodi ya miezi sita mkononi.

Siku mbili sikulala. Siku ya tatu nikaenda kwa wakala, sio wa mtaani kwetu, nikapanda baiskeli mpaka Chumbageni ili asinijue mtu, nikalipa.

Nikarudi nyumbani na mashuka mawili badala ya manne, blanketi sikununua, begi nikanunua la mtumba. Mama akauliza mbona kidogo, nikamwambia bei zimepanda. Kesho yake akaenda kukopa elfu 50 kwa yule yule jirani aliyempa zamu, akanunua blanketi na hii ndoo. Sasa kila nikiiona ndoo tumbo linaniuma, wallahi.

Marafiki niliowagusia juu juu bila kuwaambia la hela kila mmoja ana lake. Mmoja anasema mwambie shangazi chuo kinalazimisha mwaka wa kwanza wote wakae hosteli. Uongo huo utakaa wiki ngapi, mtoto wa jirani yake anasoma chuo hapo hapo Dar na anarudi nyumbani kila siku. Mwingine anasema nenda Chanika mwezi mmoja, choka, konda kidogo, akuonee huruma mwenyewe. Huyo sijui kama anamjua shangazi, ukikonda anakuongezea supu na kazi iko pale pale. Kaka mmoja akaniambia we ingia zako Mabibo, zima simu, watazoea. Nikamuangalia tu.

Wazo langu mwenyewe ni hili. Nimwambie shangazi kua siku za masomo ntakaa hosteli, ila Ijumaa jioni natoka darasani nakwenda Chanika moja kwa moja, Jumamosi na Jumapili alfajiri niko barazani nae nakaanga maandazi kama kawa, na likizo fupi zote niko kwake. Bumu likiingia namtolea kitu kidogo, hata elfu 20, sio malipo, ni heshima. Naona ni haki. Ila nikijiweka kwenye nafasi yake naona kama ntakua namwambia nyumba yako inafaa kwa kulala wikiendi tu, kwa kusoma haifai, na huyu ndo mtu aliyeninunulia jembe la shule. Hapo ndo nakwama.

Na lingine, nianze na nani? Nikianza na mama kabla sijaondoka ntalazimika kusema na hela zilipokwenda, na mama ana presha, na akishajua atampigia wifi yake kabla sijamaliza sentensi, yani hawezi kukaa na kitu kifuani. Nikianza na shangazi nikishafika, nikae nae chini baada ya kula, nimuonyeshe risiti, mama atasikia kwa mtu mwingine kua mwanae alimdanganya kuhusu bei za mashuka. Dada yangu mmoja wa madrasa alinifundisha kua jambo la aibu ulitoe mdomoni mwako mwenyewe kabla halijatolewa na wengine. Mie mdomo wangu ndo huo umefungwa wiki ya pili sasa.

Naomba waliowahi kukaa kwa ndugu wakiwa chuo waniambie ukweli, hasa mliokua mnatokea Chanika, Gongo la Mboto, Mbagala, huko mbali mbali. Mliweza? Mlifaulu au mlibeba masapu, ile mitihani ya kurudia? Na wamama, nyie mnaolea watoto wa kaka zenu, naombeni mniambie ni maneno gani mtoto akikuambia hutaona kama amekutupa. Hilo ndo nalitaka zaidi ya yote, maneno yenyewe, hata mniandikie neno kwa neno nikayakariri kwenye basi.

Wa kunitukana kwa ajili ya hela ya mchezo, sawa, nimestahili, ila mkimaliza mnishauri.

Naondoka Jumamosi, basi la saa 12 asubuhi pale stendi ya Kange. Shangazi amesema atakuja mwenyewe kunipokea stendi ya Magufuli pale Mbezi, maandazi siku hiyo atamuachia mtu, na watoto wameshaambiwa dada anakuja wameanza kugombania nani alale nae. Mama amejaza kapu la ukili la kumpelekea wifi yake, nazi 15, ng'onda wamefungwa kwenye gazeti mara tatu na bado wananuka, visheti kwenye ndoo ndogo ya rangi. Chumba cha Mabibo natakiwa nikachukue ufunguo Jumatatu na kupika chumbani hawaruhusu, kwaiyo hata nikitaka kujitia ujasiri nishuke Mbezi nipitilize, na hizo nazi 15 naenda nazo wapi.

Mama amegeuka kitandani sasa hivi ameniuliza mbona mpaka saa hizi simu, nimemwambia naangalia kama kuna basi la saa 1.

Binti wa Makorora, Tanga