Risala ya Klabu ya Uchoraji wa Majengo kwa Mgeni Rasmi: Stesheni ya Kutazamwa na Stesheni ya Kukaliwa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, wajumbe wa bodi, walimu wetu, wazazi na walezi, wahitimu na wanafunzi wenzetu: asalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe, na habari za mchana.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kuwa nasi katika mahafali haya. Sisi watu wa Tanga tuna msemo wetu, "waja leo waondoka leo". Wageni huutafsiri wapendavyo, nasi hatuwakatazi. Ila mwaka huu klabu yetu imeona kwamba msemo huo unaifaa stesheni ya treni kuliko unavyoufaa mji, na stesheni ndiyo habari ya risala hii.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwanzoni mwa mwaka mwalimu wetu wa uchoraji alitupa kazi moja tu: tuchore stesheni mpya ya reli ya Tanga. Hakuchagua kwa kubahatisha. Reli ya kwanza ya Tanganyika ilianza kujengwa hapa mwaka 1893, ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, na Moshi 1911. Tena serikali imeshaeleza mpango wa reli ya kisasa kutoka Tanga kwenda Arusha hadi Musoma. Siku hiyo ikifika, huenda baadhi yetu tutakuwa na umri wa kushika ramani za kweli.

Tuligawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza, ambayo mimi msomaji wa risala nilikuwamo, ilivutwa na picha. Tuliziangalia stesheni za reli ya kisasa zilizoanza kupokea abiria mwaka 2024: ya Dar es Salaam iliyochukua umbo la tanzanite, ya Morogoro iliyoiga milima ya Uluguru, ya Dodoma iliyoiga vilima vya mawe. Tukasema Tanga nayo ipate alama yake, na alama ya Tanga ni mkonge. Hata historia ilitusaidia, kwa kuwa mkonge uliletwa nchini na kupandwa Pangani mwaka 1893, mwaka uleule wa reli. Basi tukachora paa la vioo lenye majani makubwa yanayochomoza pande zote kama mche wa mkonge. Tukaliunda kwa maboksi, gundi na plastiki za chupa za maji. Lilipendeza, Mheshimiwa. Shule nzima ilipanga foleni kulitazama.

Kambi ya pili ilichora kitu tulichokicheka. Walichora paa refu la kawaida, limelala mashariki hadi magharibi ili jua la asubuhi na la jioni lipige upande mfupi, na chini yake kibaraza kirefu chenye benchi la zege kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tuliwauliza kama wamechora stesheni au nyumba ya mtaa wetu wa Ngamiani.

Mwalimu hakuamua ugomvi. Alichukua kazi zote mbili akaziweka uwanjani saa sita mchana, mwanzoni mwa Machi, na kipimajoto cha maabara ndani ya kila moja. Nusu saa baadaye gundi yetu ilikuwa imelainika na jani moja la mkonge limeanguka. Hatukuhitaji kusoma kipimajoto.

Sababu yake tuliisoma darasani na hatukuitia maanani. Kioo hupitisha mwanga wa jua. Mwanga ukigusa sakafu na viti hugeuka joto, na joto hilo halitoki tena kwa urahisi. Mapaa ya vioo yalipata sifa Ulaya, ambako jua hutafutwa. Paa la stesheni ya St Pancras mjini London, la mwaka 1868, limevuka upana wa mita 73 hivi bila nguzo katikati, na kwa watu waliozoea mawingu mwanga ule ni neema. Hapa kwetu, nyuzi 5 kusini ya Ikweta, jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu Machi na Oktoba. Sisi hatuna shida ya mwanga.

Baada ya aibu hiyo tulikwenda kuwauliza wazee. Wengi wetu hatujawahi kupanda treni katika stesheni ya hapa mjini, lakini Ngamiani hawakosekani waliokuwa wakienda nayo Korogwe na Moshi. Tuliwauliza wanakumbuka nini. Hakuna aliyelitaja paa. Walikumbuka bomba la maji, benchi lililokuwa kwenye kivuli, choo kilivyokuwa mbali, na machungwa ya Muheza yakiuzwa dirishani mwa behewa. Bibi mmoja alituambia hivi: "Wanangu, stesheni ni mahali pa kungojea. Nioneshe mtu anaposubiri nami nitakwambia kama ni nzuri." Kisha akatuuliza kama kwenye ramani yetu choo kiko wapi. Hatukuwa tumekichora.

Bibi huyohuyo aliwahi kuteleza na kuvunjika mkono katika stendi moja ya mabasi, hatuitaji jina, iliyotandikwa marumaru za kung'aa mpaka nje kwenye mvua. Tulidhani ni uzembe wa kwetu tu. Mwalimu akatuonesha habari ya Venice, Italia. Mwaka 2008 palifunguliwa daraja la miguu linalounganisha stesheni ya treni ya Santa Lucia na kituo cha mabasi, kazi ya msanifu mashuhuri sana, Santiago Calatrava. Aliliwekea ngazi za vioo. Watu wenye mabegi wakawa wanateleza na kuanguka, na mwaka 2022 mji ukatangaza kuviondoa vioo hivyo na kuweka mawe. Hatulisemi hili kumdhihaki mtu ambaye hata penseli yake hatustahili kuichonga. Tunalisema kwa kuwa msafiri mwenye sanduku hatazami anapokanyaga, na anayechora sharti atazame kwa niaba yake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, usije ukadhani kambi ya kibaraza ilishinda moja kwa moja. Nasi tulikuwa na hoja yetu, na bado tunayo. Jengo lisilo na uzuri hugeuka ghala, na abiria akiwekwa ghalani hujiona mzigo. Mjini New York kulikuwa na stesheni kubwa ya mawe, Pennsylvania, iliyofunguliwa 1910. Ilianza kubomolewa 1963, abiria wakahamishiwa ukumbi wa chini ya ardhi wenye dari fupi. Uchungu wa kuipoteza ulichangia mji huo kutunga sheria ya kulinda majengo ya kihistoria mwaka 1965. Watu hawakulilia kivuli pale, maana kivuli walikuwa nacho cha kutosha huko chini.

Katika mji huohuo ipo Grand Central, ya mwaka 1913, na ndiyo iliyotupatanisha. Ukumbi wake ni mkubwa na dari yake imechorwa nyota za angani. Lakini wasanifu wake waliunganisha ghorofa za juu na za chini za jengo kwa miteremko, ili mtu mwenye mzigo atembee tu bila kuhesabu vidato. Mtoto wa kigari, mzee wa mkongojo na mpagazi wanapita njia moja, na hakuna anayehisi amepewa mlango wa nyuma. Mteremko ule ule ndio unaokufikisha chini ya zile nyota.

Hapo tukachora mara ya tatu, safari hii kwa pamoja. Majani ya mkonge yamebaki, ila si ya vioo tena. Yamekuwa vivuli vinavyoning'inia juu ya kibaraza, yakipishana, na katikati yake kuna nafasi ya hewa ya moto kupanda na kutoka. Kuta za upande wa bahari ni za matundu ili kaskazi na kusi zipite kila moja kwa msimu wake. Kisha mwenzetu mmoja wa kidato cha tatu akaleta jani halisi la mkonge, akalimwagia maji. Jani la mkonge limejikunja katikati kama mfereji, na maji yaliteremka yote mpaka shinani. Kwa hiyo majani ya paa letu yanakusanya mvua ya masika na kuipeleka kwenye tangi la vyoo. Vyoo sasa vimechorwa, tena karibu na dirisha la tiketi.

Yapo tuliyoshindwa. Ukumbi wetu bado ni mrefu kwenda juu, na tulipoimba ndani ya darasa tupu tulijua kitakachompata mtangazaji wa treni: mwangwi utameza jina la kituo. Mteremko wetu wa kuiga Grand Central, wa kupanda futi 1 kwa kila futi 12, unakula nafasi nyingi kuliko tulivyopanga. Na hatujakubaliana ni nani atakayepanda kusafisha yale majani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tumeambiwa kwamba wewe ni mhandisi, kwa hiyo maombi yetu tunayaleta kwa mtu anayeyaelewa. Tuna mbao za kuchorea 4 kwa wanachama 26, na futi ya kupimia moja iliyokatika mwanzoni, hivyo kila kipimo tunakipunguza sentimita 10. Tunaomba mbao, futi, na kompyuta angalau 2. Tunaomba pia utusaidie kupata ruhusa ya kwenda Dodoma kuipima stesheni ile kwa mikono yetu, tukae kwenye viti vyake na kusikiliza matangazo yake.

Ombi la mwisho si la klabu. Stesheni za Miritini (ya Mombasa) na Syokimau (ya Nairobi) za jirani zetu Kenya, zilizofunguliwa 2017, zinapendeza, lakini ziko nje ya katikati ya miji, na abiria hupanda gari jingine kabla ya kupanda treni. Stesheni yetu ya zamani iko baina ya mjini na Ngamiani, mtu anakwenda kwa miguu na kikapu chake. Ukikaa kwenye vikao ambavyo sisi hatuingii, tafadhali taja hilo.

Mchoro wetu uko mezani mbele yako, pamoja na lile jani lililoanguka. Karibu ulitazame.

Tunaomba kuwasilisha.