Juisi yako na uji wa mama

Rehema ndugu yangu,

Salamu nyingi, na pole kwa kuuguza. Umeniuliza kwa nini njaa inakusumbua tangu uanze kunywa juisi badala ya kula asubuhi, na pia mama apewe nini maana anakula kidogo sana. Maswali yako yana jibu moja. Chakula kile kile, ukikinywa, hakishibishi kama ukikitafuna. Wewe hilo linakuumiza, mama litamfaa.

Glasi kubwa ya juisi hutoka kwenye machungwa matatu au manne. Ukiyala na nyama zake, utayatafuna taratibu na tumbo litapata muda wa kutanuka na kuupa ubongo habari. Juisi unaimaliza kwa dakika moja, nayo haikawii tumboni. Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, kilichapisha jaribio mwaka 2000: watu 15 walipewa kalori 450 za ziada kila siku, wiki nne kwa peremende za kutafuna na wiki nne kwa soda. Wakati wa peremende walijikuta wanapunguza chakula kingine bila kuambiwa. Wakati wa soda walikula kama kawaida na uzito ukapanda. Kwa hiyo kula chungwa lenyewe, na kiu uikate kwa maji.

Supu tu ndiyo inaenda kinyume. Ni ya maji, lakini inashibisha, kwa kuwa ni ya moto, unaila kwa kijiko, polepole, na akili inaihesabu kuwa chakula. Bakuli la supu nyepesi ya mboga dakika kumi na tano kabla ya chakula cha mchana litakupunguzia unachopakua. Mama usimwanzishie supu ya namna hiyo hata kidogo. Itamjaza bure.

Sasa uji wake, na hapa naomba uwe makini. Wagonjwa wengi hupewa uji wa gramu 80 za unga kwa lita ya maji. Kikombe kinaisha, tumbo limejaa maji, nguvu hakuna. Ukiongeza unga, unakuwa mzito haumezeki. Dawa yake ni kimea cha ulezi. Loweka ulezi usiku kucha, mwaga maji, utandaze kivulini juu ya gunia lenye unyevu, uufunike siku mbili au tatu hadi uchipue. Uanike ukauke kabisa, pukuchua vimizizi, saga. Usiukaange, maana moto unaua kile kinacholainisha uji. Mtama uuache, machipukizi yake yana sumu ya sianidi.

Pika uji wa gramu 200 za unga kwa lita moja ya maji, uwe mzito unaokaribia ugali laini. Epua, upoe mpaka uweze kuuonja bila kuungua. Tia kijiko kimoja cha chakula cha kimea, ukoroge. Baada ya dakika chache utauona unauachia mwiko na kuanza kutiririka, ingawa hujaongeza hata tone la maji. Urudishe motoni uchemke dakika tano, kwa sababu kimea kibichi kina vijidudu. Wengi wanakitia uji ukiwa bado unatokota. Kinakufa, uji unabaki mzito, wanaongeza maji, wanarudi kule kule.

Ongeza kijiko cha mafuta au cha karanga zilizosagwa. Mpe nusu kikombe kila baada ya saa mbili, katikati ya milo, ili ule mlo wenyewe usiharibike. Kama ana kisukari, muulize daktari kwanza kuhusu kiasi. Na akipaliwa au kukohoa kila anapokunywa, acha vinywaji vyepesi, umpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Nisalimie mama sana. Niandikie uniambie uji umelainika au la.

Wako,
Zuhura